Gari Litakalombeba Providence

Jumanne, tarehe 5 mwezi wa nane

Siku mbaya. Taa imewaka.

Nilikuwa nimesimama mbele ya depo langu la maharagwe, gari limewashwa, namsubiri mteja. Ghafla likaanza kutetemeka. Si sana. Kama mtu aliyeoga maji baridi. Miwani niliyoiweka mbele ya usukani ikatembea yenyewe hadi ukingoni, ikaanguka. Nikainama kuiokota. Nilipoinuka nikaona taa ya rangi ya chungwa, sijawahi kuiona maishani. Ina umbo la kuku asiye na kichwa.

Nikikanyaga mafuta, moteri inatulia. Nikiachia mguu, inatetemeka tena. Mafundi wa hapa Butembo huita hali hiyo ralenti, moteri ikizunguka bila kukanyagwa. Basi ralenti yangu inaumwa. Na imechagua wiki!

Jumamosi ya tarehe 16 Providence anaolewa. Ni binti wa marehemu dada yangu, amekulia nyumbani kwangu tangu ana miaka tisa. Yeye mwenyewe alisema mbele ya watu kwamba hataki gari lingine, mujomba ndiye atakayemfikisha kanisani. Nilikohoa sana ili nisilie.

Lakini kuna Esdras. Ni mdogo wa marehemu baba yake Providence, ana gari jeupe jipya lenye viti vya ngozi, na huvisifu viti hivyo kama wengine wanavyosifu watoto wao. Jumapili, kwenye kikao cha familia, alisema gari langu ni la kubeba maharagwe. Kweli linabeba maharagwe. Lakini alivyolisema! Wazee wakapatanisha: Ijumaa tarehe 15 jioni familia italikagua gari langu. Likiwa zima, nambeba bibi harusi. Likiwa na kasoro, atabebwa na Esdras. Nikajibu kwa dharau kwamba waje hata kesho. Asante Mungu hawakuja.

Mke wangu Kanyere ameitazama taa akasema si kuku, ni birika. Tumebishana mpaka bugali ikapoa.

Jumatano, tarehe 6

Nimegundua! Baridi!

Gari hili nililinunua Beni, kule chini kwenye joto. Butembo tuko milimani, asubuhi mtu akifungua mdomo anatoa moshi. Moteri imezaliwa Beni, inalala Butembo. Itaacha vipi kutetemeka? Ajabu kwamba hakuna fundi hata mmoja aliyewahi kufikiria jambo hili. Wanasoma miaka mitatu, wanatoka na cheti na ovaroli, basi.

Jioni hii nimeifunika moteri blanketi, chini ya kapo, kile kifuniko cha mbele, nikalikunja vizuri pembeni. Imependeza. Kanyere ameuliza ni blanketi gani. Nimesema la zamani. Sikusema la nani.

Alhamisi, tarehe 7

Nilisahau kuliondoa kabla ya kuwasha.

Feni ilikula upande mmoja wote. Ni lile blanketi jekundu lenye simba, zawadi ya harusi yetu kutoka kwa mama mkwe, Mama Kaswera. Simba amebaki kuanzia kiunoni kurudi nyuma. Kanyere akiniita Papa Léa, kwa jina la kifungua mimba wetu, ujue mambo ni mazuri. Leo ameniita Zorobabel. Amelinyanyua lile blanketi mbele ya majirani na kuuliza: "Zorobabel, sasa kichwa ya simba ya mama iko wapi?"

Nikaona heri niende garaji.

Nilikwenda kwa Mama Jokébed. Mjane huyu alirithi garaji ya mumewe, na anaiendesha vizuri kuliko marehemu, Mungu amsamehe. Akifungua nati anaimba nyimbo za kanisani kwao, kwa Waprotestanti, beti zote. Hakuniuliza lolote. Nilikuwa nimejiandaa kumweleza habari ya baridi, akanyoosha kidole ninyamaze. Akatega sikio. Akachukua chupa ya maji ya sabuni, akawa ananyunyiza huku na huku, anaimba. Alipofika kwenye kibomba fulani cha mpira, tetemeko likakoma. Akaacha kunyunyiza, likarudi. Akanyunyiza tena, likakoma.

Akakikunja kibomba nione ufa. Chote hakifiki urefu wa kidole changu cha kati. "Ni aka tu, Papa Zoro. Kamepasuka, moteri iko nakula mupepo pasipo ruhusa." Akasema atatafuta kipya, nirudi kesho, ni kazi ya dakika kumi.

Dakika kumi! Kidole! Nimekasirika mpaka sasa. Gari litakalombeba Providence linaumwa kwa ajili ya kampira ambako mtoto angekafanya filimbi? Mimi nilitegemea angalau kitu chenye jina la Kifaransa. Na Esdras akisikia atacheka mpaka Noeli. Nimemwambia Mama Jokébed wasingya, asante ya kwetu, kwa heshima zote, nikafunga kapo, nikaondoka. Sitarudi.

Jumamosi, tarehe 9

Ushindi! Taa imezimika!

Nilichomoa waya wa betri, nikanywa chai vikombe viwili, nikaurudisha. Kuku hayupo. Ni kweli gari bado linatetemeka, lakini kinachotetemeka bila taa si kigonjwa, ni kichangamfu. Nikamtuma mtu amwite Esdras haraka aje ajionee, ili Ijumaa kikao kiwe kifupi.

Alikuja na suti. Jumamosi, na suti! Nikampakia tukazunguke mjini. Kwenye mlima wa pili kuku akarudi. Esdras alikuwa anatazama dirishani, anahesabu maghorofa ya marafiki zake. Nikafunika taa kwa kiganja cha kushoto na kuendesha kwa mkono wa kulia mpaka mwisho. Gia nazo? Kwa mkono wa kulia pia, na usukani kwa goti. Akauliza mkono una nini. Nikasema baridi yabisi. Akasema bibi harusi hawezi kupakiwa na kilema. Yaani ana moyo wa jiwe huyu mtu.

Mchana nimepata dawa. Kwenye lango la parokia wanauza picha ndogo za kubandika. Nimechukua ya Bikira Maria, ya mviringo. Imeifunika taa sawasawa, kana kwamba ilipimwa. Mtu atakayethubutu kuuliza nitamwuliza kama yeye ni mpagani.

Jumapili, tarehe 10

Mambo yamenizidi kidogo.

Baada ya misa nilimpakia Mama Kaswera nimrudishe kwake, ili anisamehe habari ya simba. Akaketi, akajifunika vizuri kitenge chake. Nikawasha. Sikuwa nimefikiria kwamba taa itapenya kwenye karatasi. Bikira Maria akawaka rangi ya chungwa kuanzia miguuni hadi kwenye taji.

"Yesu wangu! Mama Maria iko nawaka!"

Hapo nilipaswa kusema ukweli. Sikuusema. Kwanza, kwa kweli alikuwa amependeza. Pili, mama mkwe alikuwa amenishika mkono kwa upendo, mara ya kwanza katika miaka kumi na minane. Alitoa rozari akaanza hapo hapo. Kufikia mchana akina mama wa mtaa mzima walikuwa wamepanga mstari mbele ya mlango wa gari, kila mmoja anaingia, anasali, anatokea mlango wa pili. Moteri iliwaka muda wote, maana nikizima Bikira naye anazimika. Ikitetemeka, yeye anatetemeka. Mama mmoja alitoka analia na kutuambia: "Iko natetemeka juu ya zambi zetu." Mafuta yangu ya wiki nzima yaliishia hapo.

Saa tisa akaja katekista wetu, Éliakim. Ni mtu wa maneno machache, na ndiye pia anayeendesha kamiyo ya parokia. Akaingiza kichwa. Akabandua picha kwa ukucha. Akasema: "Bamama, ni taa ya moteri." Akaenda zake.

 Mama Kaswera alifunga rozari yake kwenye ncha ya kitenge. Akasema, polepole, kwamba kwanza simba, sasa Bikira, na angependa kujua ni nani anafuata. Kanyere hajaniita jina lolote tangu saa tisa. Na Esdras ameshapata habari. Amepita mbele ya nyumba mara tatu, anapiga honi, anaonyesha ishara ya msalaba.

Jumatatu, tarehe 11

Beni. Nimeamua kumwacha Mama Jokébed na sabuni yake na kutafuta sayansi. Beni kuna kijana mtaalamu, Ézéchiel, mwenye mashine ya kusoma magonjwa ya gari. Unachomeka waya chini ya usukani, mashine inasema.

Nikanunua mafuta kwa kadhafi, mwuza mafuta wa njiani, kwenye chupa, nikashuka. Kwenye bariere, kizuizi cha barabarani, mwanajeshi alitega sikio akaniambia kwa Lingala: "Papa, motuka na yo ezo lenga." Gari lako linatetemeka. Nikamjibu kwamba ni baridi. Jua lilikuwa linachoma mpaka lami inanuka. Alicheka sana mpaka akasahau kuniomba kahawa. Faida ya kwanza ya ugonjwa huu.

Kumbe na Beni kwenyewe, kwenye joto lake la kuzaliwa, gari lilitetemeka vile vile.  Labda limeshazoea baridi, sasa linaona joto ni geni.

Ézéchiel akachomeka waya. Mashine ikafikiri. Akasoma, akasema hewa inazidi mafuta, moteri inavuta hewa mahali isipopaswa kuvuta, kwa kawaida ni kibomba kimepasuka. Nikamwambia aiulize tena. Akaiuliza tena. Kibomba. Kisha akaniuliza nani ananitengenezea gari huko juu. Nilipotaja jina akaweka mashine chini. "Mama Jokébed? Ni yeye alinifundisha kazi! Sasa, papa, umeshuka mpaka huku juu ya nini?"

Nimemwonea huruma. Mashine yenyewe imeandikwa Kichina, anajuaje kwamba inasema kweli? Nimenunua kwake buji nne mpya ili nisirudi mikono mitupu. Buji ndizo zinazowasha moto ndani ya moteri. Ni nne, ni nzito, zinang'aa, kila moja ina boksi lake. Hiki sasa ndicho kifaa cha mwanaume mwenye gari.

Jumanne, tarehe 12

Nimezifunga mwenyewe. Kazi ya dakika arobaini, na ngozi ya vidole vitatu.

Kila buji ina waya wake. Kuna mpangilio, inaonekana. Sikuwa nimeuandika. Nikazirudisha nyaya kwa kufuata uzuri, mrefu hapa, mfupi pale. Nikawasha.

Mlipuko! Halafu wa pili! Ulitokea kwenye bomba la moshi, na moshi mweusi. Na watu wa hapa hawangoji kuuliza mlio umetoka wapi. Mtaa mzima ulilala chini. Mwuza makaa alilala juu ya makaa. Mama wa bonyeza, yule anayeuza mikate, alilala na beseni kichwani bila kumwaga hata mkate mmoja, sijui alifanyaje. Esdras alikuwa anapita kunipigia honi. Alitoka kwenye viti vyake vya ngozi, akajirusha mferejini, suti na vyote. Na mvua ilikuwa imenyesha asubuhi.

Nikapaza sauti kwamba ni buji tu. Hakuna aliyeinuka haraka. Chef d'avenue, mkuu wa mtaa wetu, alikuja baadaye kidogo akaniambia nikiwasha tena gari hilo kabla ya kutengenezwa atanipeleka mwenyewe ofisini kwake. Esdras, akiwa na tope mpaka masikioni, alisema kwa utulivu kwamba Ijumaa atakuja mapema.

Jioni nimezipanga nyaya upya, mara sita. Mara ya sita milio imekoma. Lakini tetemeko lipo, na kuku yupo. Zimebaki siku tatu. Nimeketi ndani ya gari peke yangu. Providence amekuja akaketi kando yangu, amenimenyea chungwa. Nilimwambia pengine kwa Esdras atakaa vizuri zaidi, viti ni laini. Akasema: "Mujomba, miye niliulizaka viti?" Nikala chungwa. 

Alhamisi, tarehe 14

Jana na leo nimekuwa Musienene, siku ya soko, kutafuta maharagwe na viazi vya sherehe. Nilikwenda na motari, dereva wa pikipiki, gari nikaliacha nyumbani na ufunguo juu ya kabati.

Nimerudi saa kumi. Gari linatazama barabara. Nililiacha linatazama ukuta. Kwenye kapo kuna alama ya kiganja cha grisi, kidogo, cha mwanamke. Jirani anasema Mama Jokébed alipita hapa jana na sanduku lake la vifaa, anaimba. Nimemwuliza Kanyere alikuja kutafuta nini. Kanyere akasema: "Papa Léa, washa gari kwanza." Papa Léa!

Nikawasha. Likanguruma laini. Hakuna tetemeko. Niliweka miwani pale mbele, haikusogea. Kuku amekufa!

Nimefikiri sana, na jibu ni moja tu. Buji zilihitaji siku mbili kuzoeana na moteri. Nimemweleza Kanyere kwa kirefu. Alinisikiliza ameshika kiuno, akauliza kama nimemaliza, akaenda jikoni. Na yule Mama Jokébed bila shaka alikuja kupeleleza nimefanyaje. Simlaumu. Ana garaji ya kulinda.

Ijumaa, tarehe 15

Wamekuja. Wazee watatu, Esdras, Mama Kaswera, Éliakim katekista kama shahidi asiye na upande. Esdras alikuja na taa ya mkononi, kana kwamba anaingia mgodini. Alitazama chini ya gari. Alitazama chini ya viti, akapata maharagwe mawili, akawaonyesha wazee. Wazee wakasema maharagwe si kasoro.

Nikawasha. Nikaomba glasi ya maji, nikaijaza mpaka mdomoni, nikaiweka juu ya kapo. Wote wakainama. Dakika nzima. Halikumwagika hata tone! Taa, hakuna. Éliakim akaangalia nyuma ya usukani kwa makini, akapapasa kwa ukucha kama kuna picha. Hakuna. Mzee mkubwa akatangaza kwamba bibi harusi atabebwa na mujomba wake.

Providence alinikumbatia. Nimelia, nimeandika hapa wazi, nimelia na sijali. Esdras alinipa mkono kwa ncha za vidole. Nalala na ufunguo chini ya mto.

Jumamosi, tarehe 16, asubuhi

Naandika haraka. NIMEMKAMATA!

Niliamka mapema kuliosha gari. Nimelifunga riboni nyeupe. Nikasema niipanguse na moteri, maana kwenye picha huwezi kujua. Nikafungua kapo. Na nikaona nini? Kibomba! Kipya, cheusi, kinang'aa, kimebanwa na vibanio viwili ambavyo mimi sikuviweka. Katikati ya moteri yangu! Nani ana sababu ya kuingiza kitu kigeni ndani ya gari langu siku ya kuamkia harusi? Nani alikuwa jana hapa na taa ya mkononi?

Esdras. Mtu yule hana haya. Alitaka gari linizimikie mbele ya kanisa.

Nimekichomoa. Vibanio vilikuwa vimekazwa sana, alikuwa amedhamiria. Nimekitupa chooni, shimo refu, asikirudishe. Sasa moteri iko huru. Saa tatu tunaondoka.

Siku hiyo hiyo, alasiri

Ngoja niandike kwa utaratibu.

Saa tatu fanfari ilikuwa imesimama mbele, tarumbeta mbili na ngoma. Nyuma familia nzima, watu arobaini, wote na kitenge kimoja cha kijani, na nyuma kabisa Esdras na gari lake jeupe. Providence akatoka. Sitaelezea gauni. Nilimtazama nikamwona dada yangu, basi nikajifanya nakagua tairi.

Akaketi nyuma. Nikawasha. Gari likatetemeka mpaka riboni zikadondoka, kuku akawaka, na moteri ikazimika. Nikawasha. Ikazimika. Nikawasha mara kumi na tano, na mwishowe betri ikafanya tk. Fanfari ilikuwa bado inapiga. Baadaye nayo ikanyamaza, mmoja mmoja.

Esdras akashuka. Akaja polepole, anapangusa vumbi lisilokuwepo begani. Akafungua mlango wa Providence, akamnyooshea mkono kama waziri. Nilitaka ardhi inimeze. Nilimwambia Providence, bila kugeuka, kwamba aende, mwanangu, nenda, saa inapita.

Hakwenda. Alisema, na wote walisikia: "Baba mudogo, miye hapana shuka. Mama alipokufa, mujomba alikuja kunitwala na baiskeli mu mvua, ikakwama mu tope, tukatembea kwa miguu mpaka kwake. Hakuniachaka mu njia. Leo gari yake haitembei? Basi musukume."

Hakuna aliyesonga. Halafu Mama Kaswera, miaka sabini na miwili, akakunja kitenge, akaweka viganja nyuma ya gari. Akasema kwa wengine: "Muko nangoja nini? Bikira?"

Wakasukuma. Watu arobaini, na mpiga ngoma. Barabara ina tope, viatu vya sherehe vilibaki njiani kama mbegu. Fanfari ikaanza tena. Kwenye mteremko wa soko gari lilikimbia lenyewe, wao wakawa wanakimbia nyuma na vilemba mkononi, wanapiga vigelegele, wamotari wote wanapiga honi. Kisha mlima wa kanisa. Hapo walihitaji kila mtu. Nikatazama kwenye kioo nikamwona Esdras ameacha gari lake kando, ameinama nyuma ya langu na suti nyingine, tope mpaka magotini, anasukuma na kuhema. Niliona aibu kidogo, kwa sababu ya kile kibomba. Kwa niaba yake, namaanisha.

Tulifika saa nne na dakika hamsini. Bwana harusi alikuwa amekaa kwenye ngazi ameshika kichwa. Providence alishuka, gauni jeupe halina doa. Alikuwa msafi peke yake katika familia nzima. Akanishika mkono, tukaingia.

Nilimfikisha. Mimi.

Jumatatu, tarehe 18

Nimetulia. Naweza kufanya tathmini.

Baada ya misa Mama Jokébed, aliyealikwa na Kanyere, alifungua kapo akauliza kibomba chake kimekwenda wapi. Nikamweleza kwa fahari jinsi nilivyomnasa mhujumu. Alikaa juu ya tairi la akiba. Akatazamana na Kanyere. Kanyere akasema ni yeye aliyemwita siku ile nilipokuwa Musienene, na kwamba alidhani mtu akipewa gari zima atajua kunyamaza. Basi kumbe! Nimewasamehe wote wawili. Lakini nimewaambia wazi kwamba mambo ya kufichana ndani ya nyumba ndiyo yanayoleta ajali. Kanyere ameniita Zorobabel, jina lote, pamoja na la ubatizo na la babu.

Mama Jokébed amesema yuko tayari kuweka kibomba kingine, dakika zile zile kumi. Nimekataa kwa adabu. Nina ushahidi ambao yeye hana. Kuanzia nyumbani mpaka kanisani, muda wote tuliposukumwa, nilikuwa naitazama ile taa. Haikuwaka hata mara moja! Tetemeko, hakuna hata chembe. Mafuta hayakupungua. Gari hili halijawahi kwenda vizuri kama siku ile. Tatizo lilikuwa ni kuliwasha.

Tena nimeona jambo ambalo hakuna fundi aliyeliona. Kutoka hapa milimani kwenda Kyavinyonge, kule ziwani, sehemu kubwa ni kushuka. Mtu ana haja gani ya moteri? Mama Kaswera alikuwa na hamu ya samaki wabichi tangu mwezi uliopita, na kwa kuwa sasa tumepatana, nimemwahidi kumpeleka Alhamisi. Ameuliza tutarudije na mlima wote ule. Nimemwambia asijali, avae tu viatu vya kufunga.